Mficha Maradhi Kilio Humuumbua

Wiki ya tatu baada ya kupasuliwa, ndugu yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alikuwa angali akijibadilishia bendeji usiku, mlango ameufunga. Alikuwa amekatwa ngozi ya tumbo iliyolegea kwa uzazi, na jamaa zake hawakujua. Mshono ulipofumuka alichelea maneno ya watu kuliko usaha. Alipofikishwa hospitali, homa ilikwisha kumlaza.

Hatuandiki kutoa hukumu ya upasuaji wa urembo. Hilo waulizwe wanazuoni. Tunaandika kwa kuwa jeraha, kwa sababu yoyote lililopatikana, ni amana ya mwili inayohitaji kutunzwa.

Upasuaji huu huacha mshono mrefu, toka nyonga hadi nyonga. Ngozi huinuliwa juu ya misuli na kuvutwa chini, na baadhi ya mishipa iliyokuwa ikiipa damu hukatwa. Ndiyo maana katikati ya mshono, palipovutwa zaidi na penye damu chache, ndipo hufumuka mara nyingi. Kwa kawaida ngozi hushikana kwa wiki 2 au 3. Kidonda kilichofumuka huenda kikachukua wiki nyingi, hata miezi, kikijaa nyama mpya kutoka chini kuja juu. Kuchelewa huko si msiba, maadamu tabibu anakiangalia.

Yanayochelewesha kupona yanajulikana: kisukari kisichodhibitiwa, upungufu wa damu, lishe duni, unene na tumbaku. Nikotini hubana mishipa ya damu. Shisha, iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2017, nayo ina nikotini. Aghalabu madaktari huagiza tumbaku iachwe angalau wiki 4 kabla ya upasuaji na wiki 4 baada yake.

Kwetu pwani mzazi hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa mkaja. Mila hiyo isihamishiwe kwenye mshono huu: joto huweza kuunguza ngozi iliyokufa ganzi, na kukaza mno huzidi kuinyima damu. Mgonjwa avae mkanda alioagizwa na daktari, kwa kipimo alichoagizwa. Dawa ya meno, majivu na spiriti visitiwe kidondani. Apewe samaki, mayai, kunde na maharagwe, kwani nyama mpya hujengwa kwa protini.

Aende hospitali siku hiyo hiyo akiona homa, usaha, harufu mbaya, wekundu unaotambaa, ngozi inayogeuka nyeusi, au tumbo linalovimba kwa maji. Akivimba mguu mmoja kwa maumivu, au akikosa pumzi, asingoje hata saa moja. Huenda damu imeganda mishipani.

Wala asiihofie ibada. Dini imemwekea mgonjwa wepesi: kusali kwa kukaa asipoweza kusimama, na kupangusa juu ya bendeji asiyoruhusiwa kuilowesha. Amuulize sheikh wake namna ya kutekeleza.

Nasi waume, mama na dada, tusimsimange aliyelala. Kumsitiri mwenzetu ni kutoitangaza siri yake, si kumwacha auguze kidonda peke yake gizani. Ndugu yetu yule alipona baada ya miezi miwili ya kufungwa dawa, na aliyempeleka kliniki kila mara alikuwa wifi yake, yule yule aliyemwogopa.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.