Kwa nini Mfilipino anafika Bangkok mbele ya kufika Batanes

Wandugu, wengi wetu tulijua Ufilipino juu ya mpunga. Mwenye alisoma agronomia anajua jina la Los Baños, kwenye iko taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga tangu mwaka 1960, ile ilitoa mbegu ya IR8 mwaka 1966. Mimi pia niliingia kwa mlango huo. Nilikuwa natafuta habari za matuta ya mpunga ya Ifugao, nikajikuta ninasoma namna Wafilipino wenyewe wanasimulia safari zao: basi ya usiku kutoka Manila, baridi ya mlimani asubuhi, kushuka kwa miguu mpaka Batad. Tangu pale sijaacha kusoma.

Kuna kitu kimoja kinarudi kila mara. Kijana wa Manila atakuambia ameisha kufika Hong Kong, Singapore, pengine Bangkok mara mbili. Ukimuuliza Batanes, anacheka. Batanes iko ndani ya nchi yake! Ni visiwa vya kaskazini kabisa, na kile cha mwisho kiko karibu na Taiwan kuliko na Luzon, kisiwa kikubwa kwenye iko Manila. Watu wake wanaitwa Waivatan. Wamejenga nyumba za mawe zenye kuta nene juu ya tufani, na wamegawa mashamba yao ya kilimani kwa nyua za miti na matete zenye kukata upepo. Kwangu agronome hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kufunga mzigo. Kule Ivana kuna hata kaduka ka kahawa kasikokuwa na muuzaji: unachukua, unaweka makuta yako ndani ya sanduku, unaenda.

Basi kwa nini hawaendi? Jibu la kwanza ni bei, na bei iko na sababu zake. Ufilipino ni visiwa zaidi ya 7,000. Barabara inaisha baharini, kisha ni meli ao ndege. Meli ni rahisi lakini inakula siku zako za likizo, na wakati wa tufani inafungwa bandarini. Viwanja vidogo kama vya Batanes na Siargao vinapokea ndege ndogo za mapanga. Ndege ndogo ina viti vichache, watu wenye kuvitaka ni wengi, hali ya hewa inavuruga ratiba: bei inapanda. Manila na Hong Kong ni kinyume chake. Ndege kubwa, kampuni nyingi zenye kushindana, karibu masaa mawili tu angani. Cebu Pacific, yenye ilianza kuruka mwaka 1996, ilijulikana sana kwa tikiti za peso moja. Peso moja bila kodi, musidanganyike, na unanunua miezi mingi mbele. Lakini ilifundisha kizazi kizima kwamba kutembea si kitu cha matajiri peke yao.

Jibu la pili ni viza. Mwaka 2006 nchi za ASEAN zilitia sahihi mapatano ya kuondoa viza kwa raia wao wenye kutembeleana. Leo Mfilipino anaingia Thailand bila viza, vilevile Malaysia, Indonesia na Singapore siku 30, na Hong Kong siku 14. Kwa Japani na Korea ya Kusini bado anapanga karatasi za banki na za kazi, anangoja. Njo maana safari ya kwanza ya wengi inaelekea Asia ya kusini-mashariki ao Hong Kong.

Ukisoma mpaka hapo, utasema hawa watu wana bahati. Sisi wenye tumesha kupanga mstari pale Ruzizi ya kwanza tunajua mpaka ni nini. Lakini masimulizi yao yananionyesha kitu kingine: kwa Mfilipino meza ngumu haiko Bangkok. Iko Manila, wakati wa kutoka.

Afisa wa uhamiaji wa nchi yake mwenyewe njo anamuuliza: unaenda kufanya nini, nani analipa, unafanya kazi wapi, barua ya ruhusa ya kazi iko wapi, tikiti ya kurudia iko wapi? Kama ndugu mwenye kuishi nje njo anakulipia, wanaweza kuomba karatasi ya kuonyesha undugu, yenye imepita kwa ubalozi. Kama majibu hayamtoshi, mtu anarudishwa. Ndege inaenda, tikiti imekufa, hoteli imekufa. Mwenye anapata shida zaidi ni kijana mwenye kusafiri mara ya kwanza, peke yake, bila kazi yenye barua. Maana yake ni sisi: mwenye ametoka tu chuoni. Mwezi wa 3 wa mwaka 2023 kulivuma habari ya dada mmoja mwenye alikuwa anaenda Israeli. Walimuuliza maswali muda mrefu, mpaka wakamuomba kitabu cha picha cha promosheni yake. Nani anasafiri na kitu hicho? Ndege ilimwacha, na wakubwa wa uhamiaji waliomba samahani mbele ya watu.

Sababu ya ukali huo ni ya kweli, na sitaki kuificha. Nchi hii inatuma watu kwa mamilioni kufanya kazi nje. Sheria yao ya mwaka 2003 inapiga vita biashara ya watu, na wafanya biashara hao wanapenda kupitisha mtu kama mtalii. Katika miaka hii ya karibuni vijana walitoka kama wenye kutembea Thailand, wakajikuta wamefungiwa Myanmar ndani ya nyumba za utapeli wa intaneti, wengine wakiwa na diplome zao. Lakini tuangalie hesabu. Mwaka 2022 watu 32,404 walizuiwa kutoka, na ni 472 tu wenye walionekana kuwa wahanga wa biashara ya watu ao wa kuandikwa kazi kwa njia isiyo halali. Hao hawafiki hata 2 kwa 100. Mtego wenye unakamata namna hiyo, shambani tungesema unaua nyuki wengi kuliko wadudu.

Na wenye kutoka kwa kazi wako wengi. Ukifika Hong Kong siku ya yenga, pale Central, utakuta Wafilipina wenye kufanya kazi za nyumbani wamekaa chini juu ya makartoni, wanakula, wanasukana nywele, wanafunga vifurushi vya kutuma nyumbani. Ni siku yao moja ya mapumziko. Mtalii wa Manila anapita pale na watoto wake akitoka Disneyland, anasikia Kitagalog pande zote. Wengine wanasema wanasimama kusalimia, wengine wanasema wanaona haya bila kujua sababu. Mara nyingi kuna shangazi ndani ya kundi lile.

Kuna na kodi. Sheria ya mwaka 1977 ilimwekea mtalii mwenye kutoka kwa ndege kodi ya safari, na kwa kiti cha kawaida imekuwa peso 1,620. Mfanyakazi wa nje halipi. Sehemu ya 40 kwa 100 imewekwa kisheria kwa masomo ya chuo kikuu, kitu ambacho nilisoma mara mbili kwa kutoamini. Kila mara kunatokea wabunge wenye kuomba iondolewe, maana tikiti ya bei chini inaweza kugharimu kidogo kuliko kodi yenyewe.

Mwezi wa 8 wa 2023 serikali ilitangaza masharti mapya ya karatasi kwa wenye kutoka. Yangeanza tarehe 3 mwezi wa 9. Watu walipiga kelele, wasenata nao wakaomba yasimamishwe, na siku chache mbele ya tarehe ile yakasimamishwa. Meza ya Manila ilibaki na masharti yake ya zamani. Wenye kusafiri wanaendelea kushauriana: fika masaa manne mbele, jibu kifupi, usitoe karatasi yenye haikuombwa.