Kompyuta Inapochelewa Kujibu: Daftari la Zamu Lisijae Bure

Askari yeyote aliyepata kushika zamu analijua daftari la matukio. Angeandika kila mpita njia, macho yake yangebaki kwenye karatasi na mhalifu angepita. Asipoandika lolote, kesho hana ushahidi. Kompyuta nayo ina mtihani huo huo.

Tuseme askari aliye zamu Nkoma, mjini Mbale, anauliza namba ya gari katika kompyuta, na mwenzake wa Jinja anafanya vivyo hivyo. Maulizo yote mawili yanafika kwenye seva moja inayotunza kumbukumbu. Jibu lililozoea kuja mara moja sasa linachukua sekunde 5, na gari linalotafutwa limekwisha kwenda zake. Fundi atajuaje ni ulizo lipi linaloikwamisha seva?

Seva huweza kuagizwa iandike daftarini kila ulizo linalochelewa. Lakini ikiagizwa kuandika kila lililozidi sekunde 0.1, mistari yaweza kufika maelfu kwa dakika: diski hujaa, na kazi yenyewe ya kuandika huiongezea seva mzigo.

Dawa yake ni sampuli. Katika programu ya PostgreSQL, tangu toleo la 13 la mwaka 2020, fundi huweza kuweka mipaka miwili. Wa kwanza huitwa log_min_duration_sample, tuseme sekunde 0.1, ulizo likiuvuka huingia katika kura. Kiasi cha kura hupangwa kwa log_statement_sample_rate: 0.01 maana yake ni kwamba, kwa wastani, huandikwa ulizo 1 katika kila 100. Mpaka wa pili ni log_min_duration_statement, tuseme sekunde 2. Kila ulizo linalofika hapo huandikwa bila kura. Seva haina haja ya kuzimwa. Husoma amri hizo mpya huku kazi ikiendelea.

Twaonya mambo mawili. Kwanza, ulizo lililo kati ya mipaka hiyo lisipoonekana daftarini, tusiseme kwamba halikutokea. Huenda kura haikuliangukia. Pili, mistari hiyo yaweza kubeba majina na namba za raia, na Uganda ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu binafsi. Daftari hilo litunzwe kama jalada la kesi.

Mlinzi hodari huandika machache, na lile zito halimpiti.