Ukuta Kwanza: Utangulizi wa Elimu ya Rangi za Nje

Anayeingia katika elimu ya rangi za nje ya nyumba hutarajia kusoma habari za rangi: ipi inadumu, ipi haipauki, ipi inapendeza chini ya bati jekundu. Hayo atayakuta. Lakini napenda mgeni wetu ajue mapema kwamba muda wake mwingi utakwenda kwenye ukuta wenyewe na kwenye maji yanayopita ndani yake. Rangi nyingi zinazobanduka huku pwani hazikuwa mbovu dukani. Zilipakwa mahali pasipozifaa.

Tazama majumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, au ya Lamu, iliyofuata mwaka 2001. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, zimejaa vitundu, na chini hazina kizuizi cha unyevu. Maji ya ardhini huzipanda, kisha hutoka kwa mvuke na kuchukuliwa na upepo. Waliozijenga walizipaka chokaa. Jiwe la matumbawe likichomwa tanurini kwa nyuzijoto 900 hivi, hupoteza kaboni dayoksaidi na kuwa chokaa kali. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji na kupakwa, huivuta tena kaboni dayoksaidi kutoka hewani na taratibu hurudi kuwa jiwe. Tabaka linalopatikana ni la jamii moja na ukuta, nalo hupitisha mvuke. Halidai praima, yaani mkono wa kwanza wa kuuandaa ukuta. Linadai ukuta uliolowanishwa, mikono kadhaa myembamba, na kivuli ili lisikauke haraka.

Ukuta huohuo ukipigwa lipu ya saruji na kupakwa rangi ya plastiki, unyevu hukosa pa kutokea. Chumvi huganda nyuma ya utando wa rangi, chembe zake hukua na kusukuma, rangi huvimba malengelenge, lipu humomonyoka. Mwenye nyumba hupaka tena, mwaka unaofuata tena. Kwangu hii ndiyo hasara inayouma kuliko zote katika fani yetu, kwa kuwa dawa yake ni ya bei ndogo na wazee waliojenga waliijua vizuri.

Nyumba za matofali ya saruji, ambamo wengi wetu tunaishi, zina kisa chao. Lipu mpya ya saruji ina alkali kali, pH yake ikiwa kati ya 12 na 13. Ikipakwa rangi ya mafuta, alkali huyashambulia mafuta na kuyageuza sabuni, kwa mmenyuko uleule anaoutumia mtengeneza sabuni anapochanganya mafuta ya nazi na soda kali. Rangi hulegea, hunata, mwisho huachia. Ndiyo maana lipu huachwa ikomae, kwa kawaida siku 28, na zaidi nyakati za masika. Ndiyo maana pia ipo praima inayostahimili alkali. Mafundi wengi huzimua rangi ya maji kwa maji mengi na kuipaka badala ya praima. Kwenye ukuta uliokwisha kupakwa na ambao bado ni imara, sina ugomvi nao. Kwenye lipu mpya inayonyonya, gundi iliyomo ndani ya rangi imekwisha kupungukiwa nguvu, na unga wa rangi hubaki bila cha kuushika.

Sabuni hutufuata hadi kwenye bati. Bati jipya limefunikwa kwa zinki, na rangi ya mafuta ikikutana nayo huzaa sabuni ya zinki na kubanduka vipande vizima. Kwa hiyo bati la zinki lina praima yake, tofauti na ile ya kuzuia kutu kwenye chuma cha madirisha.

Jua nalo huvunja gundi ya rangi. Pitisha kiganja kwenye ukuta wa miaka mingi: ukitoka na unga mweupe, gundi imekwisha, na hakuna rangi mpya itakayoshika juu ya unga huo kabla haujaoshwa. Rangi zinazotokana na oksidi ya chuma, za udongo mwekundu na manjano ya udongo, huvumilia jua kuliko nyekundu kali nyingi za viwandani. Ningemshauri mtu aanze kuchagulia hapo.

Onyo moja halingoji sura za mbele. Rangi za zamani, hasa za mafuta, huweza kuwa na risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Usizipige msasa zikiwa kavu. Zilowanishe, wapeleke watoto mbali, kusanya mabaki yote. Kwa rangi mpya, kikomo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 za risasi kwa milioni.

Zoezi la kwanza ni rahisi. Bandika ukutani kipande cha nailoni angavu chenye upana wa nusu mita hivi, kingo zote zizibwe kwa utepe, ukiache saa 16. Matone yakionekana upande wa ndani, au ukuta ukiwa umegeuka mweusi, unyevu bado unatoka. Tafuta unakotoka, bomba au ardhi, kabla ya kufungua kopo lolote. Pakiwa pakavu, rudia karibu na msingi, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, kwa sababu huko ndiko majibu hubadilika.