UZI: Magari yanayolia kama bunduki usiku, na maswali ambayo wagombea hawaulizwi

1/ Kampeni zikikaribia huku Eastlands, hii hoja lazima irudi: "Hizi Subaru za kupiga milio usiku zitaisha lini?" Mmoja jukwaani anasema atazinyakua zote. Mwingine anasema vijana waachwe wajipe raha. Wote wanapigiwa makofi na hakuna aliyejibu. Wacha tufungue hii kitu polepole. Sitataja mtu wala chama.

2/ Mlio unatoka wapi? Injini huchoma mafuta na hewa ndani ya silinda. Kwa kawaida dereva akitoa mguu kwa mafuta, kompyuta ya gari hukata mafuta. Kwa gari iliyoguswa, fundi amechomeka laptop akabadilisha programu: mafuta bado yanaingia kidogo na cheche inachelewa. Yale ambayo hayajaungua yanakutana na ekzosi yenye moto, yanalipuka humo. Pap! Pap-pap! Na kama sailensa imetolewa, hakuna cha kupunguza sauti.

3/ Hii haikuanza kama fujo. Ni ufundi wa rali. Turbo huzungushwa na moshi wa injini, kwa hivyo ukitoa mguu inapoa, na ukikanyaga tena inachelewa kuamka. Mafundi wa rali wakalipua mafuta kidogo kwenye ekzosi ndiyo turbo isilale. Na Wakenya tumelelewa na rali: Safari ilianza 1953, Colin McRae akaishinda 1997 na Subaru Impreza, na 2021 ikarudi kwenye ubingwa wa dunia, Naivasha. Kwa hivyo msee anayependa huo mlio hajautoa mwezini.

4/ Tofauti ni kwamba kwa rali mlio unatokana na kazi inayofanyika. Mtaani mara nyingi mlio ndiyo kazi yenyewe. Gari haiendi mbio zaidi, na moto huo unakula turbo na ekzosi ya mwenyewe.

5/ Kwa nini Kware inaumia kuliko mitaa ya ua na bustani? Angalia vile tunaishi. Kuanzia hapa hadi Pipeline, ghorofa zimebanana. Kutoka dirisha hadi barabara ni hatua chache, na mlio ukigonga ukuta huu unarudishwa na ule. Aliyelala ndani ni mtu wa kuamka saa kumi atembee hadi Industrial Area, au mama anayewahi mboga sokoni. Usingizi wake ndiyo mtaji wake.

6/ Halafu kuna jambo zito zaidi. Kware ni neno la machimbo ya mawe, na Julai 2024 miili ya watu ilitolewa kwenye shimo la machimbo hayo lililojaa taka, karibu kabisa na kituo cha polisi. Huku, mlio wa ghafla usiku hauanzi kuwa gari. Mzazi anavuta mtoto mbali na dirisha kwanza, kisha ndiyo anauliza ni nini. Mgombea akisema "ni kelele tu", hajui anaongea na nani.

7/ Sheria ipo? Ipo, tena si moja. Katiba, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kanuni za kelele za 2009, zilizo chini ya NEMA, zinaweka kiwango cha nje kwenye makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa mbili. Kanuni hizo hizo zinakataza gari kupita desibeli 84 linapoongeza kasi. Sheria za trafiki nazo zinataka gari liwe na sailensa.

8/ Hapa ndipo tunachanganywa. 35 ni ya mtaa, 84 ni ya gari moja. Na desibeli hazihesabiwi kama shilingi: zikiongezeka 10, sikio linasikia sauti kama imekuwa maradufu. Kwa hivyo anayetaja 84 pekee anaweza kusema gari liko sawa, na anayetaja 35 pekee anaweza kusema kila gari ni mhalifu. Ukisikia namba, uliza: imepimwa wapi?

9/ Nani anatekeleza? Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. NTSA inashughulika na usajili na ukaguzi wa magari. Basi kanjo anasema gari ni la karao, karao anasema kelele ni za kanjo, na wewe bado hujalala.

10/ Kwa hivyo MCA akiahidi "nitakamata hayo magari", jua hana hiyo kazi. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya kaunti. Mbunge pia hakamati mtu. Wanachoweza kuahidi kwa ukweli ni pesa, kanuni na usimamizi.

11/ Shida kubwa ni ushahidi. Mlio haumalizi hata sekunde, na afisa aliye barabarani kwa kawaida hana mita. Kosa linategemea sikio lake, na kosa la kutegemea sikio la afisa huishia mfukoni mwake. Ukiongeza faini bila kuongeza kipimo, umepandisha tu bei ya kitu kidogo.

12/ Njia ya kutoka: usikimbizane na mlio, kagua kifaa. Sailensa iko au haiko, hiyo haihitaji mita. Unainama, unaangalia. Paris walianza 2022 kujaribu rada za kelele zenye kamera. Ni sawa, lakini ni ghali. Sisi tunaweza kuanza na kuinama.

13/ Na tusiwatupe mafundi. Kuchomelea ekzosi na kuseti injini ni ajira ya vijana wengi. Marufuku ya "magari yote yaliyoguswa" inaua kazi halali pamoja na kelele. Aliyetoa sailensa kwa elfu kadhaa anaweza kulipwa kuirudisha.

14/ Mgombea akija kwenu, muulize haya matatu:
– Umetenga pesa ngapi za vipimo na maafisa wa usiku?
– Kaunti, polisi na NTSA watashirikiana vipi, na mwananchi apige simu wapi?
– Aliyekamatwa atapewa muda wa kurekebisha gari, au ni faini na hongo tu?

15/ Na si lazima ungoje uchaguzi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kwa haki ya mazingira bila hata kuthibitisha kwamba wewe binafsi uliumia. Wapangaji wa ploti moja wakiandika tarehe na saa za kila mlio kwa mwezi mmoja, tayari wana kitu cha kuweka mezani.

16/ Kwenu mnalalaje? Andikeni mtaa na saa hapo chini. Uzi ujao: taa za barabarani, nani huzilipia na kwa nini huzimika baada ya kura.