Usitupe chungu cha chuma kilichoshika kutu

Kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje kupima kile chungu kizito kilicholala nyuma ya nyumba kikiwa chekundu kwa kutu, kitazame tena. Huenda kikarudi jikoni na kuwapikia wanao kwa miaka mingi, bila ya wewe kununua kingine.

Nyanda za juu za Ufipa zinakijua chuma tangu zamani. Wazee wa Kifipa walijenga tanuu ndefu za udongo, malungu, wakapanga ndani yake mkaa na mawe ya chuma. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Bonge lililopatikana lilichomwa tena katika tanuu ndogo, kintengwe, safari hii kwa mivukuto, ndipo mhunzi akalifua likawa jembe. Katika karne ya 20 bidhaa za chuma kutoka ng'ambo ziliizima kazi hiyo, lakini baadhi ya malungu yangali yamesimama.

Chuma kile kilifuliwa kwa nyundo. Chungu chako ni cha namna nyingine: ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kina kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4 hivi. Kwa hiyo ni kigumu, lakini hakipindi. Kikianguka sakafuni hupasuka.

FAIDA YAKE

Mji wa Sumbawanga uko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva. Chungu kizito chenye mfuniko hutunza joto; hata ukipunguza mkaa, maharage huendelea kuiva.

Tena chungu hicho hutia madini ya chuma kidogo katika chakula. Mwaka 1999 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Ethiopia: watoto waliolishwa chakula kilichopikwa katika vyungu vya chuma walikuwa na damu bora kuliko wenzao waliopikiwa katika sufuria za alumini. Hata hivyo, chungu si dawa. Mama mjamzito aendelee na vidonge anavyopewa kliniki.

KUKAGUA

Kining'inize chungu na ukigonge kwa kijiti. Kikilia kama kengele, ni kizima. Kikitoa sauti butu, tafuta ufa. Chenye ufa hakifai kupikia. Usikitumie kamwe chungu kilichopakwa rangi usiyoijua, wala kilichowahi kuyeyushiwa risasi ya betri. Sumu ya risasi hudhuru akili za watoto, na haitoki kwa kusugua.

KUSUGUA

Sugua kutu kwa msasa au mchanga laini mpaka uone rangi ya kijivu ya chuma chenyewe. Kutu sugu iloweke katika siki na maji, nusu kwa nusu, kwa nusu saa tu, kisha sugua tena. Usiache usiku kucha, maana siki ikimaliza kutu huanza kula chuma. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, futa, na kiweke papo hapo juu ya moto mdogo kikauke kabisa. Ukichelewa, kutu mpya itaanza muda si mrefu.

KUKIPA NGOZI

Chungu kingali na joto, kipake mafuta ya alizeti ndani na nje. Halafu chukua kitambaa kikavu uyafute yote, kama kwamba hukutaka kuyapaka. Utando mwembamba unaobaki ndio unaotakiwa. Mafuta mengi huacha ulimbo unaonata.

Kifudikize juu ya jiko la mkaa, ukifunike kwa debe, ukiache saa moja. Mafuta yatafuka moshi, kisha yatageuka kuwa ngozi ngumu nyeusi iliyoshikamana na chuma. Kiache kipoe chenyewe, maana ukikimwagia maji baridi kitapasuka. Rudia mara tatu au nne.

Fanya kazi hii nje ya nyumba. Baridi ya Juni na Julai isikushawishi kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

KUTUNZA

Siku za mwanzo kaangia, wala usipikie nyanya, ndimu au ukwaju, kwani uchachu hula ngozi changa. Usilaze chakula ndani yake. Kila ukimaliza kupika, osha, kausha motoni, na paka mafuta kidogo. Wakati wa masika usikifunike kikiwa na unyevu.

Kazi hii isiachiwe mama peke yake. Baba na ashike msasa, na watoto wachote mchanga. Jumapili moja yatosha kuianza, na jioni yake familia itaona chungu cheusi kinachong'aa mahali palipokuwa na kutu.