Rabai na Kazi ya Kupambanua Maana

Mtu anayeikabili lugha asiyoijua, bila kamusi wala kitabu cha sarufi, huanza na vitu vinavyoweza kuonyeshwa kwa kidole, lakini njia hiyo haimfikishi mbali, kwa kuwa anayeonyeshwa mnazi aweza kutaja mti wote, au kuti, au dafu, na maneno kama "labda" na "ingawa" hayawezi kuonyeshwa kabisa. Katika pwani ya Kenya kazi hiyo ilifanywa kwa kina huko Rabai, katika Kaunti ya Kilifi ya leo, ambako Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa shirika la Kiingereza la Church Missionary Society, alihamia mwaka 1846 pamoja na mwenzake Johannes Rebmann.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 baada ya miaka kadhaa Ethiopia, akiwa na Kiarabu cha kumwezesha kuzungumza na Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa mji, ambaye alimsaidia kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Tafsiri ya namna hiyo ni utafiti wa lugha kutoka ndani yake, kwani visa vya Adamu na Nuhu vilijulikana kwa kadhi na kwa mmisionari vilevile, na neno geni linapotokea katikati ya kisa kinachojulikana, mahali pake penyewe huibana maana isitangetange.

Sarufi ilidai mbinu nyingine. Mjerumani amezoea nomino za jinsia tatu na maneno yanayobadilika sana mwishoni, ilhali katika lugha za Kibantu mabadiliko mengi hutokea mwanzoni na kuenea katika sentensi nzima. Anayeweka "kiti kikubwa kimevunjika" kando ya "viti vikubwa vimevunjika", akibadili jambo moja tu na kuacha mengine kama yalivyo, hugundua kwamba kiambishi kimoja kinaongoza nomino, kivumishi na kitenzi. Mpangilio huu wa nomino katika makundi yenye viambishi vyake ndio unaoitwa ngeli.

Rabai ilikuwa na faida ambayo mji wa Mombasa peke yake usingeitoa, nayo ni kusikia Kiswahili na lugha za Kimijikenda kwa pamoja. Krapf aliziita lugha hizo Kinyika, jina ambalo wenyewe hulihesabu kuwa la dharau na ambalo limestahili kuachwa. Kigiriama, mojawapo ya lugha hizo, kina "madzi", "dzana" na "dzulu" pale Kiswahili kinaposema "maji", "jana" na "juu". Tena kina "muhi", "kihi" na "hahu" mahali pa "mti", "kiti" na "tatu". Ulinganifu wa sauti unaojirudia hivi hauwezi kuwa wa bahati, na nguvu yake ni kwamba humwezesha mtu kukisia asichokisikia bado: akutanaye na "dzuwa" kwa mara ya kwanza ana haki ya kudhani kwamba ni "jua", naye atakuwa amepata. Hata hivyo kisio lolote hurudishwa kwa mzungumzaji kupimwa, kwa sababu sauti hufanana na maana ikapotoka; "kugomba" kwa Wamijikenda ni kusema tu, bila ugomvi wowote, na Mswahili asiyeuliza ataona mashambani watu wanaoteta kutwa kucha.

Mwaka 1850 Krapf alichapisha huko Tübingen muhtasari wa sarufi ya Kiswahili uliozingatia pia Kinyika, pamoja na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, zikiwamo Kipokomo na Kikamba. Rebmann alibaki Rabai mpaka 1875, macho yakiwa yameshafifia. Kamusi kubwa ya Krapf ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia, na ile ya Kinyika, iliyojengwa juu ya kazi ya wote wawili, ikafuata mwaka 1887. Thamani ya kamusi ya 1882 imo hasa katika sentensi zilizoandikwa chini ya maneno, kwa kuwa humo neno huonekana likifanya kazi yake. Na sentensi hizo ni za wenyeji, ambao majina yao, tofauti na lile la kadhi, kwa sehemu kubwa hayakuandikwa.

Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha 1993, waliutumia ulinganifu huohuo wa sauti, kwa upana zaidi, kuthibitisha kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro zimetoka katika lugha moja ya kale, na familia hiyo inaitwa Sabaki, kwa jina la mto unaomwaga maji yake baharini kaskazini kidogo ya Malindi.