Jina la kahawa hujengwa jikoni kabla ya kuandikwa kwenye pakiti

Mji wa Kisumu umepakana na mashamba ya kahawa, lakini si mji wa wanywaji kahawa. Upande wa mashariki, zao hilo hustawi kwenye miteremko ya Koru na Kipkelion. Upande wa kusini, wakulima wa Kisii wamelikuza tangu miaka ya 1930. Hata hivyo, mgeni akibisha hodi katika nyumba nyingi za Kondele au Nyalenda, sufuria inayobandikwa motoni ni ya chai ya maziwa.

Hali hiyo inamgusa mkulima moja kwa moja. Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Kenya huuzwa nje, nyingi yake ikiwa buni mbichi. Faida ya kukaanga, kusaga, kufungasha na kutia jina hubaki ughaibuni. Katika msimu wa 1987/88 nchi ilivuna takriban tani 128,000. Miaka ya karibuni mavuno hayafiki nusu ya kiasi hicho. Soko la nyumbani lingempa mkulima mlango wa pili wa kuuzia.

Baadhi ya wafanyabiashara hudhani kwamba soko hilo litafunguliwa kwa pakiti yenye rangi za kuvutia. Mifano ya maeneo jirani yaonyesha kwamba desturi hutangulia chapa.

Mombasa na Lamu, muuza kahawa hutembea na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe vidogo. Mlio huo ndio tangazo lake. Mnywaji hupata kahawa tungu, kipande cha haluwa na maongezi ya barazani, na vyote hivyo huhesabiwa kuwa kitu kimoja.

Nchini Ethiopia, buni hukaangwa mbele ya mgeni, hutwangwa, kisha hupikwa katika chungu kiitwacho jebena na kunywewa kwa awamu tatu. Nchi yenye desturi hiyo ilitambua pia thamani ya majina yake. Mwaka 2005 iliomba kusajili nchini Marekani majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Ulizuka mvutano na kampuni ya Starbucks, uliomalizika kwa makubaliano mwaka 2007.

Hata Ziwa Victoria lenyewe si geni kwa kahawa. Huko Bukoba, Tanzania, Wahaya humkaribisha mgeni kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo hutafunwa. Mji huo huo ndio wenye kiwanda cha TANICA, kinachotengeneza kahawa ya Africafé.

Kisumu haina sababu ya kuiga desturi ya wengine. Vyombo vya kuanzia vimo tayari katika kila jiko: sufuria, chujio na chupa ya chai. Mashine ya bei ghali si ya lazima.

Maumbile nayo yanasaidia. Mji uko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi, joto linalofaa kutengenezea kahawa. Sufuria ikiepuliwa, gramu 60 za kahawa hutiwa katika lita moja ya maji, hufunikwa kwa dakika nne, kisha huchujwa. Anayependa maziwa ayaongeze. Chapa inayomkemea mnunuzi haitadumu.

Kutokana na hatua hizo, bidhaa yenyewe hujichora. Kahawa iliyosagwa hupoteza harufu upesi, kwa hiyo pakiti ndogo ya sufuria moja yafaa kuliko kopo kubwa, na huweza kununuliwa dukani kwa fedha za siku. Tarehe ya kukaangwa iandikwe waziwazi, na maelezo yatolewe kwa Kiswahili na Dholuo.

Wakati wa kunywa nao huchaguliwa. Wavuvi wa omena hukesha ziwani na taa zao na kurejea alfajiri. Saa hiyo ya ufuoni, kama pale Dunga, ingeweza kuwa ya kahawa, kama jioni ilivyo ya kahawa tungu huko Pwani.

Jina ndilo la mwisho. Alama ya biashara husajiliwa na Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, KIPI, kwa miaka 10 inayoweza kuongezwa. Kwa kawaida sheria haimruhusu mtu mmoja kujimilikisha jina la mahali, lakini ipo nafasi ya alama ya pamoja, ambayo chama cha wakulima chaweza kuisajili.

Njia hiyo ndiyo yenye uzito kwa Nyanza. Jina likiwa la mfanyabiashara pekee, mkulima wa Koru ataendelea kuuza buni kwa bei asiyoipanga. Likiwa la chama chake, kila sufuria itakayobandikwa Kisumu itakuwa na fungu lake.